Una Canon ndogo ya zamani? Soma hapa kabla hujanunua kamera mpya

Wauzaji wa mtandaoni, wengi mnauliza mnunue kamera gani ya kupigia bidhaa. Kabla hujatoa hela, angalia kabatini. Kama kuna Canon PowerShot ya zamani, mfano A590 IS, inaweza kufanya zaidi ya unavyodhani.

Kuna programu ya bure inaitwa CHDK. Imetengenezwa na watu wa kujitolea, sio Canon wenyewe, kwa hiyo usitegemee msaada wao. Inakaa kwenye memori kadi tu. Ukiitoa kadi, kamera inarudi kama ilivyotoka kiwandani.

Faida kubwa kwetu ni RAW. Kamera hizi za bei nafuu hutoa JPEG, yaani picha iliyokwisha kupikwa, rangi imeshaamuliwa na kamera. Ndiyo maana kitenge cha damu ya mzee kinatoka chekundu, mteja anakipokea anasema "sicho nilichoagiza", na nauli ya boda kwenda na kurudi unailipa wewe. Ukiwa na CHDK unapata faili la DNG, unalifungua kwenye Snapseed kwenye simu na kurekebisha rangi vizuri. Picha ya kwanza weka karatasi nyeupe kando ya bidhaa, ndiyo itakuonyesha weupe halisi. Ila mafaili haya ni mazito, kadi inajaa haraka na kamera inachukua muda kuhifadhi kila picha.

Unauza sahani au viatu vyeupe? Washa zebra, skrini itakuonyesha sehemu zilizoungua na mwanga kabla hujapiga. Na kwa anayevaa nguo zake mwenyewe, kuna skripti za kupiga picha kila baada ya sekunde kadhaa. Hutamsumbua mdogo wako tena.

Sasa hapa muwe makini. Kila modeli, na kila toleo la famuwea yake, lina faili lake la CHDK. La modeli nyingine halitafanya kazi, usibahatishe. Ukishaliweka, sogeza kile kitufe cha pembeni ya kadi kwenye LOCK. Najua inashangaza, lakini ndivyo CHDK inavyojiwasha yenyewe, na picha zitaendelea kuhifadhiwa.

Nikon na Sony hazimo. Hata PowerShot si zote, kwa hiyo ukienda kununua ya mtumba, angalia kwanza modeli kwenye orodha ya CHDK, ndipo uanze kupatana bei.