Nambari za simu nazo ni akiba

Je, msomaji, bibi uliyemwacha nyumbani na wajukuu akishikwa na maradhi usiku wa manane, ni nani kati yao atakayeweza kukupigia simu?

Enzi za Shirika la Posta na Simu, lililovunjwa mwaka 1999, nambari ziliandikwa kijitabuni, kando ya simu ya waya. Siku hizi, kuanzia Garissa hadi Mandera, simu ya nyumbani kwa wengi ni ile ndogo ya vibonyezo, mulika mwizi, anayoachiwa ayeyo wakati baba amefuata ngamia malishoni na mama yuko sokoni. Si kila ayeyo anayeweza kusoma majina kwenye kioo. Lakini kushikilia kitufe kimoja hakumshindi.

Kazi hiyo ni ya dakika chache. Kwanza, hifadhi nambari pamoja na jina. Kisha fungua orodha ya majina au mipangilio, tafuta upigaji wa haraka, chagua kitufe kati ya 2 na 9, ukiwekee jina la mtu. Kitufe 1 mara nyingi kimetengewa ujumbe wa sauti. Tangu hapo, ayeyo akikibonyeza na kukishikilia kidogo, simu itapiga yenyewe.

Nafasi ni nane tu, basi zigawe kwa busara. Mpe 2 mama na 3 baba. Usisahau jirani mwenye gari. Novemba 2023, Mto Tana ulipofurika, barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilikatika upande wa Madogo. Siku kama hiyo, jirani wa ng'ambo hii ya maji ana faida kuliko mwana aliye Nairobi. Aliye Marekani mwandike kwa kuanza na +1, wa Uingereza +44. Nambari za dharura, 999 na 112, hazihitaji kuhifadhiwa. Wafundishe watoto wazikariri.

Tahadhari ni tatu. Mwonyeshe ayeyo jinsi ya kufungua vibonyezo vilivyofungwa, kwani vikiwa vimefungwa kitufe chake hakitafanya kazi. Mwanao akichukua simu hiyo na kukuachia nyingine, panga upya, maana mpangilio hubaki ndani ya simu. Tena, mtu akibadilisha nambari, badilisha siku hiyo hiyo, la sivyo ayeyo atampigia mtu asiyemjua.

Ukimaliza, mwambie ayeyo apige mbele yako, kitufe kimoja baada ya kingine. Nambari zote nane ziandike pia kwenye karatasi, uibandike ukutani, kwani simu huibwa na betri huisha, na jirani aweza kuazima yake. Wahenga walisema akiba haiozi. Iweke leo, kabla hujaihitaji.