Honda ya marehemu mzee: soma hapa kabla hujakata chuma

Niko Mwanza. Kila nikisimama Kirumba au Mlango Mmoja lazima kijana mmoja aniulize: "Bro, hiyo Honda ya mwaka gani, na hizo shokapu umezifungaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, leo nawaandikia wote. Najua wengine mnahesabu dakika hapo kafe, kwa hiyo twende moja kwa moja.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya marehemu baba. Alikuwa bwana shamba, akiwazungukia wakulima wa pamba Magu na Kwimba. Alipofariki ikakaa uani hadi kuku wakataga kwenye kiti chake. Siku moja akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Mama akaniambia, "Ama uifufue, ama iende. Mimi sitaki kuiona imekaa hivyo." Basi, nikaifufua.

Kwa nini inafufulika? CG125 ilitoka mwaka 1976. Honda waliitengeneza kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako mtu anachelewa kubadili oili na barabara ni vumbi. Injini yake inafungua valvu kwa fito, haina cheni ya juu ya kulegea. Wachina wakaikopi sana, na ndiyo maana pikipiki nyingi za Kichina zina injini za ukoo huo huo. Vifaa vinavyoingiliana havikosekani. Kwa hiyo injini haikunisumbua, nilichoharibu ni miguu.

Nilitaka sura. Nikanunua shokapu za mbele nene za pikipiki ya kisasa iliyopata ajali, pamoja na breki ya diski na rimu ya kumwaga ya inchi 17. Zilikuwa fupi kuliko za zamani. Nyuma nikaweka shokapu ndefu ili ionekane imeinama kama inataka kuruka. Jamani, ilipendeza! Wiki ya kwanza nikampakia mdogo wangu, tukatoka Igoma kuelekea Kisesa. Kwenye spidi 70 usukani ukaanza kutikisika kushoto kulia. Nikaubana, ukazidi. Tukaishia majanini, mdogo wangu akavunjika mfupa wa bega. Mama hakugomba. Aliuliza tu: "Baba yako aliipanda miaka yote hiyo haikumwangusha. Wewe umeifanyia nini?"

Jibu lake ndilo somo la leo.

Tazama shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Imelala kidogo. Ukivuta mstari wa shingo hiyo hadi chini, unagusa lami mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Umbali kati ya sehemu hizo mbili mainjinia wanauita treili. Ndio unaolirudisha tairi kwenye mstari bila wewe kulilazimisha. Ukiwa mfupi mno pikipiki inakuwa nyepesi kugeuka, lakini kwenye spidi haitulii.

Chukua mfano. Tairi lina nusu kipenyo cha milimita 300, shingo imelala nyuzi 27, na ekseli imekaa milimita 45 mbele ya mstari wa shingo. Treili ni kama milimita 102. Sasa shusha mbele na kuinua nyuma, jumla milimita 65, kwenye pikipiki yenye milimita 1,250 toka ekseli hadi ekseli. Shingo inasimama hadi nyuzi 24. Ukiweka na tairi dogo la nusu kipenyo cha 290, treili inabaki kama 80. Zaidi ya sehemu moja ya tano imepotea, na wewe unachoona ni urembo tu.

Treili peke yake haikutuangusha. Beringi za shingo zilikuwa zimelegea, tairi la nyuma halikuwa kwenye mstari, na uzito wa abiria ulikuwa umeipunguzia mbele mzigo. Makosa manne kwa mpigo.

Nilivyorekebisha ni hivi:

1. Pima kabla ya kukata. Andika urefu wa shokapu za zamani, mbele na nyuma. Mpya zikae kwenye urefu huo huo au karibu yake.

2. Nguzo ya shingo ipelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma, ikae sawasawa kwenye kibao cha shokapu mpya. Usikubali kuchomelea kwa kukadiria. Pale ndipo uhai wako ulipo. Weka beringi za koni.

3. Shokapu zipimwe ukiwa umekaa juu. Kama zina mwendo wa milimita 120, zizame kama 30 hadi 40. Zikizama zaidi springi ni laini, zisipozama ni ngumu mno.

4. Rimu ya kumwaga inapendeza, na ikiwa ya tairi lisilo na tyubu, pancha ni rahisi. Lakini ikigonga jiwe inaweza kupasuka, na mawe huku kwetu si ya kutafuta. Mimi nimerudi kwenye spoku na rimu ya aluminiamu ya inchi 18. Spoku ikilegea inakazwa.

5. Nyoosha uzi toka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili. Alama za kwenye fremu zinaweza kukudanganya.

6. Namba ya chesisi na ya injini usizisage wala kuzikata. Ziko kwenye kadi, na ukibadili injini TRA lazima wajue.

Mwisho, ijaribu peke yako, taratibu, kabla hujampakia mtoto wa mtu.

Bega la mdogo wangu limepona ila bado hataki kupanda, na simlaumu. Mwezi uliopita mama mwenyewe alikaa nyuma, tukaenda hadi Kigongo kuliangalia daraja lililofunguliwa Juni 2025, pale ambapo baba alikuwa akisubiri kivuko cha Busisi. Usukani ulitulia njia nzima. Kurudi akasema, "Sasa inatembea kama ya baba yako." Hakuna aliyewahi kunisifia pikipiki hii nikafurahi vile.

Nawakilisha. Wenye maswali, au mafundi mnaoona nimekosea, tupieni hapo chini.