Mgeni wa Kaskazi: Kiini cha Umaarufu wa Mji wa Mombasa

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Yamkini methali hii ilizaliwa shambani, kwa maana katika mji wa Mombasa utekelezaji wake ungekuwa mgumu. Mgeni aliyeletwa na upepo wa kaskazi mwezi wa Desemba au Januari hakuwa na uwezo wa kuondoka siku ya tatu, wala ya thelathini. Jahazi lake lilingojea upepo wa kusi, ambao huanza kuvuma mwezi wa Aprili. Kwa muda huo wote mgeni yule, awe ametoka Hadhramaut, Maskati au Gujarat, alihitaji mahali pa kulala, chakula, msikiti wa kuswalia, mtu wa kumdhamini sokoni na, mara nyingine, mke. Makala haya yanashikilia kwamba kiini cha umaarufu wa Mombasa hakimo katika bahari wala katika mchanga mweupe. Kimo katika ustadi wa kuishi na mgeni, ustadi ambao mji huu ulifundishwa na pepo hizo kwa karne nyingi.

Dai hili huenda likawashangaza wanaoijua Mombasa kwa picha za minazi na ngamia. Hata hivyo, ufuo wa namna hiyo unapatikana Malindi, Diani na Unguja. Aidha, hoteli kubwa za watalii hazimo kisiwani. Ziko Nyali, Bamburi na Shanzu, upande wa bara. Mtalii anaweza kutua katika uwanja wa ndege, akapita kisiwani ndani ya gari lililofungwa madirisha, akavuka Daraja la Nyali, akakaa wiki mbili kando ya kidimbwi cha kuogelea na kurudi kwao akijigamba kwamba ameiona Mombasa. Labda ameziona zile pembe kubwa za alumini katika Barabara ya Moi, ambazo asili yake ni mapambo ya miaka ya 1950 ya kuwapokea wageni wa ufalme wa Uingereza. Ni ajabu kidogo kwamba pambo la kumkaribisha mkoloni ndilo limekuwa nembo ya mji wenye misikiti ya karne kadhaa.

Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka wa 1331 na kulala usiku mmoja tu. Katika masimulizi yake hakuusifu ufuo. Aliyoyataja ni ndizi na samaki waliokuwa chakula cha wenyeji, ucha Mungu wao, misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na maji yaliyowekwa milangoni ili anayeingia anawe miguu kwanza. Kwa maneno mengine, alichokikumbuka ni namna watu walivyoishi.

Ustadi huo umeandikwa katika majengo yenyewe. Mtu akipita Mji wa Kale, hasa Kibokoni na Ndia Kuu, ataona kwamba nyumba nyingi za kale zina baraza, yaani kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele. Baraza si pambo. Ni suluhisho la tatizo gumu la kijamii: vipi mtu amkirimu mgeni asiyemjua bila ya kuivunja stara ya jamaa zake waliomo ndani? Mgeni aliketi pale nje, akaletewa kahawa chungu na haluwa, akaulizwa habari za safari na bei ya bidhaa. Akiaminika, alisogezwa hadi kwenye daka, kisha sebuleni. Kila hatua ilikuwa na maana yake. Mwanafunzi wa Kiswahili anaposoma kuhusu Baraza la Mawaziri hana budi kukumbuka kwamba chombo hicho kikuu cha dola kimeazima jina lake kwa kiti hiki cha mlangoni, mahali ambapo mambo ya watu yalizungumzwa.

Si wageni wote waliokuja kwa heri. Wareno walijenga ngome yao kati ya mwaka wa 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakaiita Fort Jesus. Wenyeji wakapaita mahali hapo Ngomeni. Waarabu wa Omani waliizingira kuanzia mwaka wa 1696 hadi walipoiteka mwaka wa 1698, na Waingereza wakaifanya jela kutoka mwaka wa 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na mwaka wa 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia. Wataalamu wengi hulihusisha neno gereza na igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno hao hao waliacha meza na leso. Leso hii ya pili imekuwa na maisha yake: katika Mtaa wa Biashara, maduka yanauza leso zenye majina, na mwanamke wa Mombasa huchagua jina kwa makini kuliko rangi, kwani ndilo litakalomjibu jirani.

Kuhusu vyakula hapana haja ya kurefusha maneno. Mahamri kwa mbaazi, viazi vya karai, mishkaki, biriani na achari ya embe ni ushahidi wa kutosha kwamba kila aliyekaa alichangia kitu jikoni.

Lugha inahitaji maelezo zaidi. Mombasa ni mji wa Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki yapata mwaka wa 1840, ambaye tungo zake ziliyagusa mambo ya siasa, mapenzi na njaa. Ndiyo pia mji wa Ahmad Nassir na Abdilatif Abdalla. Hata hivyo, ni katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka wa 1928 ambapo Kiunguja kilipendekezwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikabaki nyumbani. Mgeni kutoka bara akiambiwa “ndoo” hudhani anaombwa chombo cha maji, kumbe anaitwa: ni njoo ya Kimvita, kama vile ndia ilivyo njia. Kwa upande mwingine, mtalii wa ng’ambo huondoka na neno “Jambo” lililoenezwa na wimbo wa kundi la Them Mushrooms mwanzoni mwa miaka ya 1980, salamu ambayo mwenyeji humwachia mtalii.

Umaarufu huu umetikiswa mara kadhaa. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 na shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002 ziliwafukuza watalii na kuwanyima maelfu riziki. Misiba hiyo ilitangazwa ulimwenguni kote. Kuna hasara nyingine isiyotangazwa. Baadhi ya jamaa za Mji wa Kale wamehamia bara ya kisiwa, kwa kuwa nyumba ya urithi yenye warithi wengi ni ghali kuitengeneza na ni rahisi kuiuza. Mnunuzi akiibomoa, milango ya nakshi huenda ikauzwa peke yake, na jengo jipya husogezwa hadi ukingoni mwa barabara ili kila futi ilipiwe kodi. Baraza hutangulia kuondoka, kwa sababu haikodishwi. Mgeni anayefika hapo hukuta mlango wa chuma, na mwenye nyumba anakaa kwingine.