Nati Zilizofichika: Kubadilisha Kishikizo cha Kamba katika Boti Kuukuu ya Faiba

Mnunuzi wa boti kuukuu ya uvuvi hutazama injini kwanza, na ni haki yake. Sisi tunamwomba atazame pia kishikizo cha kamba ya nanga, yaani kile chuma chenye pembe mbili kilichosimama juu ya sitaha upande wa omo. Usiku wa upepo, boti nzima huvutana na chuma hicho. Juu kinaweza kung'aa, huku nati zinazokibana chini ya sitaha zikiwa zimekwisha kuliwa na kutu.

Taabu ni kuzifikia. Katika boti nyingi za faiba, mwili na sitaha huundwa mbalimbali kisha huunganishwa, na ndani huongezwa ganda la pili. Nati zilizokazwa kabla ya ganda hilo kuwekwa hubaki katikati, mahali pasipofika mkono. Si hila ya aliyekuuzia. Ndivyo kiwanda kilivyoona wepesi.

Kabla ya kukata chochote, fungua kila kifuniko, ondoa taa iliyo karibu, kisha penyeza simu yenye kamera na tochi katika uwazi huo. Vichwa vya skrubu navyo hufichwa chini ya vizibo vya plastiki, au chini ya ukanda wa mpira unaozunguka ubavu. Sumaku isikutie tamaa: aina nyingi za chuma kisichoshika kutu hazinaswi nayo vizuri.

Njia isipopatikana, fundi hukata tundu la duara katika ganda la ndani, la upana wa sentimita 15 hivi, na kulifunga kwa kifuniko cha kuzungusha kisichopitisha maji. Mbavu za boti zisiguswe. Betri itenganishwe kwanza, na ihakikishwe kuwa nyuma ya ganda hakuna nyaya, mpira wa mafuta wala tangi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini ya boti, na cheche moja ya drili yatosha kuuwasha.

Wapo wanaokwepa kazi hii. Hukata bolti kwa juu, wakaweka skrubu fupi mahali pake, na bei ikawa ndogo. Tunaikataa njia hiyo kabisa. Skrubu hushika ngozi ya faiba na ubao ulio chini yake tu. Bolti hupita hadi chini, ikabanwa kwa nati juu ya bamba pana linalotawanya uzito.

Bolti ikitolewa na maji ya kahawia yakachuruzika, ubao uliomo ndani ya sitaha huenda umeoza. Hapo kazi si ya kishikizo tena. Isimamishe, na udai makadirio mapya kwa maandishi.

Sitaha ikiwa nzima, tundu la zamani lipanuliwe, lijazwe epoksi, likauke, ndipo litobolewe upya, ili maji yasiufikie ubao. Risiti ya bolti itaje daraja la chuma. Kwa maji ya chumvi linalofaa ni 316. Zile zilizopakwa rangi ya fedha juu juu hufanana nazo sana dukani.

Salio la fundi lilipwe baada ya wewe mwenyewe kuziona nati kupitia tundu la ukaguzi, na kuzipiga picha kabla kifuniko hakijafungwa.