Mbwa Mzee wa Nyayo Highrise: Baridi, Mvua na Chanjo Isiyojali Umri

Nyayo Highrise ni mtaa wa ghorofa zinazopandwa kwa ngazi, na ngazi ndizo humfichua mbwa mzee mapema. Mbwa aliyezoea kumtangulia mwenyewe hadi juu huanza kusimama katikati, akapumua, kisha akaendelea polepole. Wengi husema amekuwa mvivu. Mara nyingi ni viungo vinavyomuuma.

Kwa kawaida mbwa wa umbo kubwa huhesabiwa mzee akifikisha miaka 7 hivi, na wale wadogo miaka 10 au zaidi. Lakini umri wa mbwa wengi mtaani haujulikani kwa hakika, kwa kuwa waliokotwa wakiwa wadogo au waliachwa na jirani aliyehama. Basi dalili ndizo za kutazamwa: mvi mdomoni, ukungu machoni, meno yaliyolika, usingizi mrefu, na kutosikia anapoitwa, hata kama anaitwa Simba.

Msimu mgumu zaidi kwake ni baridi ya Juni hadi Agosti. Usiku wa Julai, joto la Nairobi huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na sakafu ya simiti huivuta baridi hiyo moja kwa moja hadi kwenye nyonga na magoti ya mnyama. Kinachosaidia si ghali. Katoni iliyofunguliwa, juu yake gunia lililojazwa nguo kuukuu, mbali na mlango na veranda inayopitisha upepo. Mbwa anayelala nje karibu na kibanda cha mlinzi awekewe mbao zilizoinuka kutoka ardhini. Matembezi yasikatizwe kabisa kwa sababu ya baridi, maana viungo visivyotumika hukakamaa zaidi. Yafupishwe, na yangoje jua litoke.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mwenyewe humwona mbwa akichechemea, akachukua vidonge vya maumivu vilivyobaki nyumbani na kumpa kwa nia njema. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake, na parasetamoli huweza kuharibu ini. Mbwa mzee, ambaye figo zake huenda tayari zimechoka, ndiye huathirika haraka. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, nazo hupimwa kulingana na uzito wake. Mkazi amwone daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina kliniki ya wanyama wadogo katika kitivo chake cha utabibu wa mifugo kule Kabete.

Mvua ndefu za Machi hadi Mei huja na taabu nyingine. Mtaa huu umepakana na Kibera na hauko mbali na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 na ambalo sasa limemezwa na gugu maji na uchafu. Maji ya mafuriko hubeba mkojo wa panya, na humo mna vijidudu vya leptospirosisi, ugonjwa unaoshambulia figo na ini la mbwa na ambao binadamu pia huupata. Mbwa asiachwe kunywa maji ya madimbwi wala ya mitaro. Akirudi na matope, aoshwe miguu na akaushwe kwa kitambaa, kwa kuwa unyevu unaokaa katikati ya vidole huleta vidonda, na mbwa mzee hajirambi vizuri kama zamani.

Nyasi zikishaota, kupe huongezeka. Wakaguliwe kila siku ndani ya masikio, chini ya kola na kwenye makwapa. Mbwa mwenye homa ya kupe hukataa chakula, hulala sana na ufizi wake hupauka. Dalili hizi ni rahisi mno kudhaniwa kuwa ni uzee tu, na wengine hufa kwa ugonjwa ambao ungetibika. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa kukisia kipimo.

Joto la Januari na Februari halihitaji maneno mengi: kivuli, maji safi yanayobadilishwa, na matembezi ya alfajiri au jioni. Hata hivyo, mbwa anayemaliza bakuli la maji mara kwa mara hata siku zisizo za joto apelekwe kupimwa figo na kisukari. Mvua fupi za Oktoba hadi Desemba huleta ngurumo, kisha fataki za mwisho wa mwaka. Mbwa asiyeona vizuri hushtuka, akakimbia, na asijue njia ya kurudi. Usiku huo afungiwe ndani, na kola yake iwe na nambari ya simu ya mwenyewe.

Suala la tabia lahitaji uangalifu zaidi. Mbwa mpole aliyeanza kunguruma akiguswa huenda ana jino bovu, haoni, au mgongo unamuuma. Lakini mabadiliko ya ghafla, pamoja na mate yanayochuruzika, kushindwa kumeza au kuuma ovyo, huweza kuwa kichaa cha mbwa. Wapo wanaoacha kumchanja mbwa wakidhani umri wake umepita. Uzee haumkingi. Chanjo yake hurudiwa kama daktari alivyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka, maadamu yu hai. Shirika la Afya Duniani lasema hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba maambukizi hukatika pale asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa. Kenya ilizindua mpango wake wa kutokomeza vifo hivyo mwaka wa 2014, ukilenga mwaka wa 2030. Aliyeumwa aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja dalili, kwa kuwa zikishaonekana, karibu hakuna anayepona.

Kisha kuna mbwa wa geti, yule anayelishwa na kila nyumba na asiyekuwa wa yeyote. Akiwa na nguvu, wote humsifu kwa kubweka usiku. Akizeeka, hakuna anayelipia sindano. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti jukumu la leseni za mbwa na ustawi wa wanyama, ila leseni huhitaji jina la mtu. Wakazi wa jengo moja wanaweza kukubaliana nani ataandikishwa kuwa mwenyewe, nao wengine wachangie chanjo na chakula.

Kumpeleka mbwa mzee karibu na bwawa au kwenye Msitu wa Ngong na kumwacha huko si kumpumzisha. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama huhesabu kumtelekeza mnyama katika hali ya kumtesa kuwa kosa. Asiyeweza tena kumtunza awasiliane na KSPCA, shirika la kutetea wanyama lililo kwenye barabara ya Lang'ata, au afisa wa mifugo wa kaunti. Mbwa ambaye hawezi tena kusimama, hali, na analia akiguswa, daktari anaweza kumdunga sindano ya kumaliza maisha yake bila maumivu. Mwenyewe amuulize mapema kuhusu gharama na mahali pa kumzika, kwa sababu mtaa wa ghorofa hauna shamba, na mzoga hautupwi jalalani wala mtoni.