Shingo ya Askari na Dawa Isiyo na Chupa

Askari anayelinda barabara ya Koboko, katika pembe ya nchi inayopakana na Kongo na Sudani Kusini, hubeba mzigo asioufikiria: kichwa chake mwenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, nacho hushikiliwa na mifupa 7 ya shingo na misuli iliyoizunguka. Ikiongezwa kofia ya chuma, bunduki begani na mkoba mgongoni, misuli hiyo hutaabika zamu nzima. Karani wa polisi anayeinamia daftari kutwa hasalimiki, wala mama wa Oli, mjini Arua, mwenye jerikeni la lita 20 kichwani.

Maumivu ya shingo yakipita miezi 3 huitwa sugu. Askari wengi huyaficha wasidhaniwe wavivu. Wengine humeza vidonge kila siku, ambavyo baadhi yake, vikitumiwa muda mrefu, hudhuru tumbo na figo. Wengine huikaza shingo isitikisike kabisa. Lakini msuli usiotumika hudhoofika, na msuli dhaifu huchoka upesi na kuuma zaidi.

Mwaka 2003 wataalamu wa Ufini walitangaza uchunguzi juu ya wanawake 180 wa kazi za ofisini wenye maumivu sugu ya shingo. Waliozoeza misuli ya shingo kwa mwaka mzima walipata nafuu kubwa kuliko wenzao walioshauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya kuongeza pumzi tu.

MAZOEZI YENYEWE

Kwanza, simama wima kama katika mguu sawa. Rudisha kidevu nyuma pasipo kuinamisha uso, hesabu hadi 5, kisha legeza. Rudia mara 10.

Pili, weka kiganja kwenye paji la uso, usukume kwa kichwa, na mkono ukizuie kisisogee. Fanya vivyo hivyo kisogoni na kila upande. Anza kwa nguvu kidogo.

Tatu, vuta mabega nyuma hata mifupa yake ikaribiane, kwani shingo hutegemea mabega.

Mwisho, geuza uso polepole kulia na kushoto.

Uchovu mdogo wa misuli siku za mwanzo si hatari. Lakini maumivu yakishuka mkononi, acha na umwone mtaalamu. Nafuu huja baada ya majuma kadhaa, si kwa siku mbili. Haba na haba hujaza kibaba.

USINGOJE HAPA

Mazoezi hayafai kila shingo. Mkono ukifa ganzi, miguu ikilegea, mkojo ukikataa kuzuilika, au maumivu yakianza baada ya kuanguka na pikipiki, nenda hospitali. Maumivu ya usiku pamoja na homa na kukonda huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Tena West Nile imo katika ukanda wa homa ya uti wa mgongo: homa ya ghafla, kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa ni jambo la saa ile ile. Hospitali ya Rufaa ya Arua haiko mbali na Oli.

Enyi makamanda, dakika 10 baada ya gwaride la asubuhi zatosha. Askari asiyeweza kugeuza shingo haoni kinachomjia ubavuni.