Viumbe vya Ziwa Kivu (Sehemu ya 3): Wenyeji wa Mchanga

Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, lakini samaki wake wanaishi katika tabaka jembamba la juu. Chini ya mita 70 maji hayana oksijeni hata wakati wa kiangazi, msimu ambao pepo huyakoroga vizuri zaidi. Chini zaidi imelala gesi ya methani na ile ya kaboni dioksidi. Kwa hiyo ukubwa wa ziwa unadanganya. Ukimwondoa sambaza, anayezunguka katikati, samaki karibu wote wamebanana kandokando, kwenye mawe au kwenye mchanga.

Upande wa Goma mchanga wenyewe ni haba. Mji umekaa juu ya lava yenye matundu, inayoinywa mvua kabla haijawa mto, na pasipo mto hakuna wa kuleta mchanga. Mahali pengi ufuo ni jiwe jeusi linalodidimia ghafla. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilikatiza mji ikaingia ziwani, ikaongeza jiwe juu ya jiwe. Mchanga ni mwingi zaidi kwenye ghuba za magharibi, kule Sake na Minova, vijito vinapoteremka kutoka milimani.

Anayeutumia mchanga huo kwa ustadi kuliko wote ni tilapia. Dume huchagua maji mafupi, huchimba kwa mdomo, akibeba mchanga funda kwa funda na kuutema pembeni, hadi apate kishimo cha mviringo kama sahani. Jike huja, hutaga, huyaokota mayai na kuondoka nayo mdomoni. Ni kosa kukiita kishimo hicho kiota, kwani hakilei mtoto yeyote: ni uwanja wa posa tu, na dume hubaki hapo akimngoja jike mwingine. Mama huyaangua mayai kinywani mwake, na hata vifaranga wakishaanza kuogelea, hatari ikitokea hukimbilia humo tena.

Jamaa zake wadogo, wale ambao wavuvi wa Ziwa Viktoria huwaita furu, hulea kwa njia hiyohiyo, ila wana hila ya ziada. Pezi la chini la dume lina madoa ya manjano yanayofanana na mayai. Jike, akiwa amekwisha kuyakusanya ya kwake, huyaona madoa yale, hudhani amesahau mengine, na anapojaribu kuyaokota hupata mbegu za dume. Mayai hurutubishwa ndani ya kinywa. Aina zipatazo 15 za furu wa Kivu hazipatikani kwingine. Ndugu zao wa karibu wako Ziwa Edward na Ziwa Viktoria, ingawa leo maji ya Kivu hushuka kusini kupitia mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Sababu ni ya kale: maji haya yalielekea kaskazini kabla volkano za Virunga hazijaziba njia.

Kambale hupenda zaidi matope na matete karibu na vijito, na huwinda usiku kwa sharubu zake. Kaa naye hujificha chini ya mawe na mizizi. Tofauti na kaa wa baharini, watoto wake hawapitii maisha ya kuelea majini; hutoka kwenye yai wakiwa kaa kamili, na mama huwabeba chini ya tumbo kwa muda.

Anabaki sambaza, ambaye kwa desturi hatajwi kati ya samaki wa ufuoni. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa maji ya katikati hayakuwa na samaki wa kuyatumia. Akikomaa huvuliwa huko usiku, kwa taa na wavu unaoinuliwa kati ya pirogi tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu. Utoto wake, hata hivyo, huupitishia kando, kwenye maji mafupi. Ndiyo maana wavu wa kukokota ufukweni, hasa ulioshonwa kwa chandarua cha mbu, huharibu mara mbili: huzoa sambaza wachanga ambao wangevuliwa wakiwa wakubwa, na hufukia vishimo vya tilapia huku ukiwatawanya madume waliokuwa wakivilinda.